Marinda Ishirini na Sita ya Struan Cargill

Katika mji wetu wa Brechin, huku Uskoti, mtu anaweza asiwe na msimamo wowote kuhusu Mungu, serikali wala ndoa yake mwenyewe, lakini mwonyeshe kipande cha tartani, kile kitambaa cha sufu chenye miraba ya rangi, na atakuwa na la kusema. Atalisema akiwa amesimama mlangoni mwako huku mvua ikiingia ndani. Ishbel Moncur amewasikiliza watu wa namna hiyo kwa miaka thelathini na minane. Anashona kilti, zile sketi za wanaume wa kwetu, kwa mkono, katika chumba kilicho juu ya duka langu la vitabu vikuukuu. Sindano haina kelele, kwa hiyo ninachosikia kutoka kwake ni miguu ya wateja tu: wanapanda ngazi na uhakika, wanashuka na mashaka.

Struan Cargill alipanda mwezi wa Machi pamoja na mchumba wake, Morven. Struan ni seremala. Kazini huvaa kilti ya turubai nyeusi yenye mifuko ya misumari, na hakuna anayegeuka kumtazama isipokuwa watalii. Sasa alitaka ya harusi, ya sufu, yadi nane, na wakakaa juu saa mbili nzima wakichagua. Ishbel aliwatandazia tartani za koo, za wilaya, za timu za mpira, na moja ambayo mbunifu wake, kwa maoni ya Ishbel, angepaswa kushtakiwa. Wakaishia kwenye kitambaa cha kijivu cha vigae vilivyolowa, kijani kizito, na mstari mwembamba wa njano.

"Ni ya ukoo gani hiyo?" nilimuuliza Ishbel baadaye.

"Haina ukoo. Morven kaipenda."

"Na baba mtu atasemaje?"

"Baba mtu havai yeye."

Struan alikuwa ameacha sharti moja. "Fundi, rangi ni yoyote anayotaka Morven. Ila marinda usiyakunje kwa mstari. Nakuomba."

Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo, lakini nitayatoa. Marinda ya nyuma hukunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza, fundi hufuata mraba, ili mchoro wa mbele uendelee nyuma kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kabisa. Ya pili, huchagua mstari mmoja na kuuweka katikati ya kila rinda, ukirudiwa rinda baada ya rinda, kama askari waliopangwa kwa urefu. Hiyo ya pili ni ya jeshi.

Dod Cargill, baba yake Struan, alikuwa sajenti kwa miaka ishirini na miwili. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa akimsimamisha mtoto ukumbini na kilti yake, anapita nyuma yake na rula, na mstari ukiwa umehama upana wa punje ya shayiri, mtoto anabaki nyumbani wenzake wakienda kucheza mpira. Struan alikaguliwa mgongo kabla hajajua kusoma. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, na yeye na baba yake huzungumza vizuri kabisa, hasa kuhusu hali ya hewa.

"Siku ya harusi yangu sitaki gwaride nyuma yangu," alimwambia Ishbel. "Ikitoka hivyo, naoa nimevaa suruali."

Ishbel hakucheka. Hapa bwana harusi mwenye suruali huzungumzwa kuliko bwana harusi aliyekimbia.

Kitambaa kilichelewa kiwandani. Kilifika siku nane kabla ya harusi, yadi nane kamili bila hata shubiri ya ziada, na barua ya adabu sana iliyosema kingine kingefumwa Septemba. Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni.

Jumatano asubuhi nilimpelekea Ishbel chai kama kawaida yangu. Nilimkuta amekaa, mikono mapajani, na kilti imelazwa mezani kifudifudi.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Akaigeuza. Marinda ishirini na sita, yameshonwa tayari, yamebanana kama kurasa, na katikati ya kila moja umesimama mstari wa njano. Haukupinda hata mmoja.

"Umefanya lini?"

"Jana kutwa. Nilikuwa nawaza kidole changu hiki kilichovimba. Mikono ikawa inafanya kazi peke yake. Miaka ishirini na mitano nimekula kwa oda za jeshi. Mikono inajua njia hiyo moja kuliko ya kwenda nyumbani."

"Ni kazi nzuri," nilisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Ndiyo maana nataka kutapika."

Bado kulikuwa na nafasi, ndogo. Marinda yakishashonwa, fundi hukata sufu iliyozidi kwa ndani, pale kiunoni, ili kilti isimfanye mtu kuwa pipa. Ishbel hakuwa amekata. Kabla ya mkasi, kitambaa kinaweza kufumuliwa na kukunjwa upya. Baada ya mkasi, kimekwisha: kitakuwa cha jeshi mpaka kiliwe na nondo. Na kufumua kulihitaji vidole vya kushika wembe kwa saa nyingi, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimevimba kama kitunguu.

Kulikuwa na njia nyingine, na wote wawili tuliijua, ndiyo maana tukawa tunatazama dirishani. Mvaaji wa kilti haoni mgongo wake.

Hapo ngazi zikalia. Hatua nzito, zilizolingana. Dod alikuwa amekuja kuchukua kilti yake mwenyewe, iliyokuwa imeletwa kubadilishwa bizimu za mikanda. Ishbel hakuwahi kuifunika ile ya mezani.

Dod alisimama mlangoni. Halafu akaja polepole, mikono ameifunga nyuma asije akagusa.

"Hii ndiyo ya Struan?"

"Ndiyo."

"Kasema mwenyewe ikunjwe hivi?"

"Hapana, Dod. Nimekosea."

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliinama akaanza kuhesabu kwa midomo, rinda kwa rinda. Alipofika mwisho alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao, na nimemwona kwenye mazishi ya mkewe.

"Hujakosea," alisema.

"Alinikataza kwa mdomo wake."

"Hatajua. Mwanamume gani anauona mgongo wake? Atakuwa mbele na mchungaji, mimi niko kiti cha kwanza, nyuma yake. Saa moja tu, Ishbel. Nimuone hivyo saa moja. Jumapili akitaka aichome moto."

"Dod, nenda nyumbani."

"Umesoma na mimi toka darasa la kwanza. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Penseli yangu hujarudisha."

"Sifanyi mzaha."

"Na mimi pia."

Aliuangalia mkasi uliokuwa kando ya pasi. "Imebaki kukata, siyo? Kata basi. Ukishakata hakuna tena la kuzungumza."

Ningependa kuandika kwamba nilisema neno. Nilishika kikombe cha chai.

Ishbel aliuchukua mkasi. Ni mkasi mrefu, mzito, wa kushikwa kwa mkono mzima, kwa hiyo haukuhitaji kidole gumba chenye afya. Akaigeuza kilti, akainua sufu ya ndani ya rinda la kwanza, akaingiza ubapa wa chini. Dakika kumi, na tatizo lake lingekuwa limekwisha: kazi ingetoka kwa wakati, kidole kingepona, mzee mmoja angefurahi, na kijana asingejua. Katika maisha yangu nimesoma vitabu vingi vya maadili na hakuna hata kimoja kilichokuwa na hoja rahisi kumeza kama hiyo.

"Kata," Dod alisema kwa sauti ndogo.

"Jumamosi nitamfunga mimi mikanda. Akiniuliza marinda yametokaje, nimwambie nini?"

"Hatauliza."

"Najua. Ananiamini. Hilo ndilo linaloniuma."

Akautoa mkasi, akauweka mezani mbali na mkono wake, akapiga simu.

"Struan, mwanangu. Njoo. Nimekuharibia."

Dod angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi na alikuwa na dakika kumi na tano kabla Struan hajafika. Alibaki amesimama kando ya pasi, wima, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu na ameshaamua hatakata rufaa.

Struan aliingia na unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Alimwona baba yake kwanza, kitambaa baadaye, akajumlisha mwenyewe.

"Umemfanya nini huyu mama?"

Dod aliutazama mkasi.

"Nakuuliza! Ulimpigia simu? Ulimwambia mimi nimebadili mawazo?"

"Struan," Ishbel alisema, "mkono ni wangu. Nilipitiwa. Baba yako kaingia asubuhi hii tu, nimeshamaliza."

"Kaingia, kaona." Struan hakuwa amemwondolea baba yake macho. "Akasema nini?"

Chini, mtu aliingia dukani kwangu, akakohoa, akatoka.

"Akasema nini, fundi?"

"Nilimwambia akate," Dod alisema.

Struan alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima ubao mara ya pili na kupata kipimo kilekile. Sikuona hasira, na nikaogopa zaidi. Akamgeukia Ishbel.

"Inawezekana kurudisha?"

"Kushona naweza, nikianza leo mchana. Kufumua siwezi, tazama hiki kidole: sindano naisukuma kwa cha kati, lakini wembe unataka gumba. Ni kazi ya wembe, mshono kwa mshono. Na wembe ukiteleza, kitambaa kingine ni Septemba."

"Nipe mimi."

Alikaa, akaufuata mshono wa kwanza. Ni mikono inayoweza kuunganisha droo bila msumari, lakini asubuhi ile ilikuwa na haraka. Ncha ya wembe iligusa sufu, uzi mmoja wa kijani ukasimama kama unywele. Ishbel alivuta pumzi. Struan akasimamisha mkono.

"Makali yaelekee juu," Dod alisema. "Unaukata uzi kwa kuuinua. Usiushindilie."

"Najua."

"Hujui. Mimi nimefumua za kikosi kizima, kabla ya kuzirudisha stoo ya jeshi." Akatoa miwani mfukoni. "Nipe."

Struan alibaki na wembe mkononi. Yule aliyekuwa akiomba wembe ndiye mtu pekee mjini aliyetaka kazi ile ishindikane, na kuteleza kidogo tu kungemaliza ubishi bila mtu wa kulaumiwa. Wote wanne tulilijua hilo, na Dod alijua kwamba tunalijua.

Struan aliuweka wembe mezani. Hakumpa mkononi. Kisha akatoka kwenye kiti.

Dod akafumua. Alikuwa akiinua mshono, anaukata, anavuta vipande vya uzi kwa kucha na kuvipanga ukingoni mwa meza. Struan alisimama nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni. Rinda la nne, la tisa, la kumi na tatu. Kila lililofunguka, mstari mmoja wa njano ulilegea ukatoka kwenye safu. Kwenye rinda la kumi na saba mkono ukasita.

"Hapa umerudia mshono," Dod alisema.

"Nilitaka uwe imara," Ishbel alijibu.

"Umeingia ndani ya sufu."

"Basi uache hilo," Struan alisema haraka. "Acha, baba."

"Ukiachwa utaonekana." Alifuta miwani kwa shati. Akaingiza ncha ya wembe chini ya uzi ambao mimi sikuuona hata nilipoinama, na kwa muda hakuna kilichosogea chumbani isipokuwa mvuke wa pasi. Halafu uzi ukatoka, mzima, na sufu chini yake haikuwa na jeraha. Struan alijifuta kiganja kwenye kilti yake ya turubai.

Saa tisa alasiri kitambaa kilikuwa kimelala mezani, bapa, kimejaa alama za mikunjo, hakina upande. Struan alirudi kazini bila kuaga mtu. Dod akauliza kama wembe urudishwe kabatini au utupwe. Ishbel akamwambia atie uzi kwenye sindano kumi, kwa kuwa miwani alikuwa nayo tayari usoni.

Ishbel alishona jioni ile, Alhamisi kutwa, na Ijumaa asubuhi, safari hii akifuata mraba, akisema kwa sauti kila rangi kabla ya kukunja, ili mikono isipate nafasi ya kufikiri. Dod alikuja siku zote mbili. Hakuna aliyemwalika. Alitia uzi, alishikilia ncha za kitambaa, hakutoa maoni, jambo ambalo kwa Brechin ni kama kufunga siku mbili bila maji. Ijumaa saa sita mchana Ishbel alichukua mkasi na kukata sufu ya ndani. Niliusikia nikiwa chini.

Struan alikuja kujaribu saa tisa. Ishbel alimfunga mikanda mwenyewe, akampigisha magoti kuona kama pindo linagusa sakafu, akamsimamisha. Mbele ilikaa vizuri. Struan aligeuza shingo, akageuza kiuno, akazunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Chumbani kulikuwa na kioo kimoja tu, cha mbele.

"Nyuma vipi?" aliuliza.

Ishbel alikuwa na pini mdomoni. Mimi si fundi. Basi swali likabaki kwa Dod.

Alipita nyuma ya mwanawe. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyopendeza, na niliona mabega ya Struan yakipanda polepole kuelekea masikioni.

"Sioni marinda yanapoanzia," Dod alisema mwishowe. "Ni kama haijakunjwa." Akakohoa. "Tembea, tuone inavyocheza."

Struan alitembea hadi dirishani, akarudi. Marinda yalifunguka na kufunga, kijivu, kijani, njano, bila safu. Mabega yalikuwa yameshuka. Akatazama saa ya ukutani, akatukana, akasema Morven yuko kwa muuza maua tangu saa nane na nusu, kisha akamshika baba yake mkono. "Twende. Mizigo ya maua ni mizito na gari lako ndilo kubwa."

Wakashuka ngazi kwa pamoja, mmoja kwa hatua zilizolingana, mwingine ovyo, huku Ishbel akitema pini na kupiga kelele kutoka juu: "Rudini hapa! Haijapigwa hata pasi hiyo!"