Klape Mpya

Kuna mlio mmoja ambao hunipandisha hasira hata kabla sijajua kwa nini. Ni ule wa tangi la choo linalovuja. Maji yanateleza chini kidogo kidogo, shiii, halafu kimya, halafu tangi linaanza kujijaza upya huku likiguna. Mwezi uliopita niliusikia kwa binti yangu, nikiwa nimekaa sebuleni na kikombe changu cha chai. Fundi aliyeitwa alikuwa kijana mchangamfu. Alifunua kifuniko, akachungulia, akasema, "Mama, ni klape tu," kile kizibo cha ndani kinachozuia maji, akatoa mfukoni klape ya plastiki nyeupe, na chai yangu haijapoa kazi ikawa imekwisha. Binti yangu alishangaa kuona nimenuna. Akauliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia hapana, namkumbuka babu yako na tangi lake, na kama una nafasi keti nikusimulie. Hakuwa na nafasi. Basi nitawasimulia ninyi.

Baba yangu alikuwa plombie, fundi wa mabomba. Alifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akiwa kijana, kwa miguu, kutoka upande wa Mitwaba, akaanza kwa kuchimba mitaro ya mabomba. Kwa kuwa alikuwa na jicho kali na mkono mtulivu, alijifunza kazi nzima kutoka kwa Mtaliano mmoja aliyetukana tangu asubuhi mpaka jioni. Nilipofikisha miaka kumi, baba alikuwa akitengeneza vyoo vya Wazungu mji mzima. Huko Bel-Air, mtaa wao, alijua kila tangi kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake, lipi linavuja, lipi linakwama, na ni madame gani anayetupa matambara ndani kisha analaumu boyi wake. Na katika vyoo hivyo vyote hakuruhusiwa kukaa hata kimoja. Akibanwa na haja akiwa kazini, aliweka chini kle yake, ile spana, akaenda kutafuta kichaka. Nasema hivi bila kutabasamu.

Sisi tulikaa katika cité, upande wa Weusi, mtaa ulioitwa Albert ambao leo ni Kamalondo. Nyuma ya jiko letu baba alijenga kabine, yaani choo, kwa matofali, akafunga humo tangi la chuma lililokuwa limetolewa katika nyumba moja ya mjini ili litupwe. Alilipaka rangi ya kijani, akaliinua juu ukutani, likaning'iniza mnyororo wenye kishikio cha mti. Mtaani hapakuwa na kabine nyingi za namna hiyo. Majirani walikuja kuiona, na wengine walikuja kuitumia, tena mara nyingi kuliko walivyohitaji. Kwetu kitendo kile kilikuwa na jina moja tu, kukokota munyololo. Mama aliita hivyo, baba aliita hivyo, nami sikuwahi kusikia jina lingine.

Lakini tangi lilivuja. Lilivuja miaka miwili, kwa sababu fundi hutengeneza kila nyumba isipokuwa yake, na kila alfajiri tulikuta tangi tupu ikabidi kumwaga maji kwa ndoo. Mama alikuwa na ulimi, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kuutumia. Alimwambia, "Baba Godelive, kila siku unatengenezeaka bazungu, na bibi yako anakamata ndoo." Baba alicheka, akageuza ukurasa wa kitabu chake cha sala.

Kilichomfanya aache kucheka ni karte. Wakati ule serikali ya Wabelgiji ilikuwa na karte, yaani kadi, iliyowapa Weusi wachache, wale ilioona kwamba "wameendelea." Baba hakuitaka kwa ajili ya kujivuna. Aliitaka kwa ajili yangu. Shule ya masista ya mjini, waliyosomea wasichana wa Kizungu, ilikuwa imeanza kukubali mtoto mmoja mmoja Mweusi, na wa kwanza kufikiriwa walikuwa watoto wa wenye karte. Mwalimu wangu alikuwa amemwambia baba kwamba nina kichwa, na kwamba ni dhambi kukipoteza kichwa kile kwenye pasi na sindano. Baba alilibeba neno hilo miezi mingi. Mwisho akaandika barua ya kuomba.

Ili upate karte, watu walikuja nyumbani kwako kukukagua. Ninyi mliozaliwa baadaye mnadhani ninatia chumvi. Walihesabu vijiko na uma. Walifunua mashuka. Walitaka kujua kama mke anakula mezani na mumewe, na kama kuna mtu anayelala chini. Na walitaka kuona choo. Mama alipoelezwa, aliweka chini ungo wa mchele, akamtazama baba muda mrefu.

"Banakuya kuangalia namna gani tunakalaka ku kabine?" akasema. "Na bao, nani anaendaka kubaangalia?"

Baba akaenda kuleta ngazi.

Klape ile aliinunua mpya katika duka la Mgriki mjini, ya shaba, inang'aa kama kikombe cha misa. Jumamosi mchana alifunga robine ya maji, akavuta mnyororo kuliondolea tangi maji yake, akakausha yaliyobaki kwa tambara. Chini ya tangi alilegeza nati kubwa, ile inayoshika bomba la kushukia, na klape ya zamani ikatoka ikiwa nyeusi, mpira wake umelika upande mmoja. Ikatoka na harufu ya kutu na matope ambayo bado iko puani mwangu. Hapo ndipo nilipojua baba alikuwa fundi wa namna gani. Hakukimbilia kufunga ile mpya. Alikwangua mahali inapokalia, akapasugua kwa mchanga laini, akapapitishia kidole akiwa amefumba macho, akapasugua tena. Alikaza nati kwa mkono mpaka ikagoma, kisha akaiongezea robo moja tu kwa kle, akisema anayekaza kwa hasira hupasua mpira.

Halafu akachukua buluu ya mama ya kufulia, akaiyeyusha ndani ya tangi, akaniweka mimi kwenye kigoda mbele ya sinki la choo. "Kama mayi inageuka bleu, klape haiko muzuri," akasema. "Kaa hapa, angalia, usiguse munyololo." Nilikaa saa nzima. Maji ya chini yalibaki meupe. Baba alipoingia akayaona, uso ulimfunguka, akaniambia nivute. Nikakokota kwa mikono miwili, na maji ya buluu yakashuka kwa kishindo, nikapiga kelele za furaha mpaka mama akaja kuangalia.

Jumapili yote baba alinifundisha majibu, kwa sababu watu wale walipenda kuwauliza watoto. Alitembea mbele ya meza huku na huku akijifanya Mzungu. Je, baba yako anakunywa pombe ya kunereka? Je, baba yako ana wanawake wawili? Je, mnapika lutuku, ile gongo, uani? Kwa yote nilipaswa kusimama wima na kusema kwa Kifaransa kilekile: Jamais, monsieur, c'est défendu. Kamwe, bwana, imekatazwa. Nililisema jibu lile mara mia. Nilijivunia namna nilivyotamka mwisho wake.

Jumatatu walikuja wawili. Mmoja alikuwa ofisa wa Kibelgiji mwenye kaptula nyeupe na daftari. Wa pili alikuwa karani Mweusi, jirani yetu wa njia ya pili, ambaye alikuwa na karte tayari na alifuatana naye kuandika. Karani huyu tulimjua vizuri. Alikula kwetu siku ya ubatizo wa mdogo wangu, na siku ile alikwenda kabine yetu mara mbili.

Ofisa alihesabu vijiko. Alifunua mashuka. Mama alisimama karibu na kabati, mikono imekunjwa, akitazama ukuta. Mwisho wakaenda kabine, sote tukafuata. Ofisa aliomba kiti, akapanda, akainua kifuniko cha tangi. Alikaa hapo juu kidogo, kisha akasema kwa kumgeukia karani, "C'est tout neuf." Mpya kabisa. Akashuka akijipangusa vidole. Alimuuliza baba kifaa kile kimefungwa lini, na baba, ambaye hakujua kusema uongo, akasema juzi.

Ofisa akaandika. Halafu akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Alinukia sabuni na tumbaku. Akasema kwa sauti tamu, "Et chez toi, ma petite, on tire la chasse?"

Sasa nisikilizeni. Kwa Mfaransa maneno hayo ni kuvuta maji ya choo. Lakini mimi la chasse nililijua katika kitabu cha kusomea tu, kwenye ukurasa wenye picha ya Mzungu na mbwa na bunduki. Ni uwindaji. Na tirer, kitabuni mle mle, ni kufyatua risasi. Mtu Mweusi kushika bunduki bila kibali kulimpeleka gerezani, hata mtoto alijua. Nikaona mtego, nikaona na namna ya kuuruka. Nikasimama wima.

"Jamais, monsieur," nikasema. "C'est défendu."

Alicheka. Alicheka mpaka akavua kofia yake ngumu akajifuta uso, akarudia kwa karani, jamais, c'est défendu, akacheka tena. Karani alitabasamu akitazama viatu vyake. Baba akanyoosha mkono akavuta mnyororo, maji yakashuka kwa nguvu yote. Ofisa akasema, bila ukali wowote, kwamba hana shaka chombo kinafanya kazi. Kisha wakaondoka. Baba alibaki amesimama na kile kishikio mkononi, nami nikamuuliza kama nimejibu vizuri. Akachukua kile kiti, akakirudisha ndani.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Baba aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akamsomea mama kwa Kiswahili. Ilisema kwamba choo kiliwekwa kwa ajili ya ziara, na kwamba familia, kwa ushuhuda wa mtoto wao mwenyewe, haikitumii. Mama alisema neno moja la Kiluba ambalo sitaliandika. Baba aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kazini kutengeneza vyoo vya watu. Hakuomba tena. Shule ilipofunguliwa nilipelekwa kwenye darasa la kushona na kupiga pasi, hapo hapo cité.

Mpaka hapo nilijua tu kwamba kuna kitu nimekiharibu, sikujua ni kitu gani. Nilikijua nikiwa na miaka kumi na minne, nilipokuwa nikifanya usafi kwa madame mmoja mjini. Siku hiyo, nikisugua choo, alinipigia kelele kutoka korido nisitoke bila kutirer la chasse. Nilisimama na brashi mkononi, na siku ile yote ya kabine ikanirudia neno kwa neno. Nililia mle chooni mpaka madame akaja kugonga. Tangu siku hiyo nilijichukia. Mimi, kwa mdomo wangu, kwa matamshi yangu mazuri, nilikuwa nimemkosesha baba karte yake. Na kwa kuwa baba hakuwahi kulitaja jambo lile, nilikichukua kimya chake kuwa ni hukumu. Nilikula naye meza moja miaka mingi nikiwa nimeinamisha macho.

Uhuru ulikuja, karte zikawa karatasi za kuwashia moto. Nilisoma mwenyewe, kwa kuchelewa na kwa ubishi, nikawa mwalimu, tena wa Kifaransa. Baba akazeeka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja siku nilipomkuta peke yake amekaa juani, nikaona nisipomwambia nitapasuka. Nikamweleza habari ya madame, na ya lile neno, nikamwomba anisamehe. Alinitazama kama mtu asiyeelewa ninazungumza lugha gani.

"Mi njo nilikufundisha ile jibu," akasema. "Nilinyamaza juu ya haya. Hauna kosa, we ulikuwa mutoto." Akaweka mkono wake wa fundi juu ya goti langu. "Na ule muzungu alicheka, Godelive. Kama hakusikia maana yake, alicheka nini?"

Mimi mwalimu, mwenye vitabu kabati zima, sikuwa nimeliona hilo hata siku moja. Mtu hacheki hivyo bila kuelewa. Alielewa kwamba mtoto amechanganya maneno, alielewa kwamba nyumba hii inavuta maji kila siku ya Mungu, na karani aliyeshika kalamu alijua kuliko yeye, maana alishavuta mnyororo ule kwa mkono wake mwenyewe. Walicheka, wakatabasamu, wakatoka, wakakaa chini, wakaandika walichotaka kuandika tangu walipoona shaba inang'aa. Jibu langu liliwarahisishia sentensi tu.

Nilisimama nikamwachia baba jua lake, nikazunguka nyuma ya nyumba ili asinione. Miaka kumi na saba nilikuwa nimemkasirikia mtoto wa miaka kumi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliwakasirikia wenye kosa wenyewe, wale walioiandika barua ile, na mpaka leo sijamaliza.