Aliyechukua Nafasi ya Balbir

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mvua hapa Landani, nilipomsikia kijana wa Kizungu akisema Kiswahili huku amepiga magoti kwenye matope. Nimezika wazazi, nimezika na mke, lakini mshtuko wa siku ile bado ninao. Kaa kidogo nikueleze. Simu iweke pembeni.

Sisi tulitoka Mombasa. Baba aliona mambo ya pasipoti yanazidi kubana, akatuleta Hounslow, pembeni mwa Landani, kwenye nyumba iliyo chini ya njia ya ndege, ambako ndege ikipita mnanyamaza wote mpaka iende zake, kisha mnaendelea na maneno. Nikaingia chuo cha ufundi. Pale alikuwapo mwalimu wa hesabu, Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi, naye akatuanzishia timu ya mpira wa kwao. Si mpira huu wa miguu unaoujua. Ni ule wa kuvaa helmeti na mabega ya bandia, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku. Mtu anaukumbatia, anakimbia nao, na wapinzani wanataka kumwangusha. Vifaa vyetu vilitoka kambi moja ya Wamarekani, vimechakaa, vinanuka jasho la watu tusiowajua.

Waingereza pale chuoni waliona ni mchezo wa vichaa. Kwa hiyo timu ikajaa sisi wageni, na wengi wetu tulikuwa Wahindi wa Mombasa, Nairobi, Kisumu na Dar. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha, na mimi ndiye niliyekuwa mkimbiaji. Tukishinda, watu walipiga kelele, "Sadru! Sadru!" nami nikazunguka chuo kifua mbele, nikidhani miguu yangu ina kitu ambacho ya wengine haina.

Mbele ya mkimbiaji, mwanangu, husimama safu ya watu wakubwa ambao mpira hawaushiki kabisa. Kazi yao ni kusukumana na wapinzani mpaka njia ifunguke, mwenzao apite. Hakuna anayeimba majina yao. Mkubwa wa safu yetu alikuwa Balbir, Kalasinga wa Kisumu, mtoto wa gereji, mkono wake mmoja kama paja langu. Helmeti ilimkaa juu ya kitambaa cha nywele kama sufuria juu ya jiko dogo. Balbir alisimama, akawatazama wapinzani, akaona wapi pamelegea, kisha akatutangazia kwa Kiswahili, "Kulia! Kulia kwangu!" Na mimi nikapita kulia, nyuma ya mgongo wake, kama mtu anayefunguliwa mlango wa benki.

Timu nyingine hutunga namba na majina ya siri ili mpinzani asijue mpira unakwenda wapi. Sisi tulijiona wajanja. Nani Landani nzima angejua Kiswahili isipokuwa sisi? Tulisema wazi, kwa sauti, na juu ya hayo tukawatukana.

"Huyu mwenye mashavu ya nyanya ni wangu," Balbir alikuwa akisema, uso kwa uso na mtu mwenyewe.

"Mlaze taratibu, mama yake amekuja kutazama!" mwenzetu mwingine akadakia.

Na tukacheka mpaka mwalimu akatukemea, bila kujua kinachotuchekesha.

Basi, katikati ya msimu, baba yake Balbir akapata gereji Birmingham na akamtaka mwanawe. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Nikamuuliza, nusu utani nusu kulia, "Sasa utaniachia nani mbele yangu?"

"Desmond," akajibu bila kufikiri. "Mchukue Desmond, Sadru."

Desmond alikuwa kijana aliyezaliwa Jamaika, mrefu, mzito, mweusi, mpole wa maneno. Alikuwa akija mazoezini kila mara, mvua ama theluji, na mara nyingi alikaa benchi. Katika wachezaji wote, ni yeye peke yake aliyeweza kumrudisha Balbir nyuma.

"Hajui lugha yetu," nikasema.

"Mfundishe. Mimi mwenyewe Kiswahili nimejifunzia chini ya magari, mafuta yananidondokea machoni. Yeye atajifunza amesimama." Basi likaja, Balbir akapanda.

Desmond mwenyewe hakungoja. Mazoezi yaliyofuata alinijia na kuniuliza kwa Kiingereza, "Nahodha, hayo maneno mnayoyaita ni mangapi? Nifundishe."

Kulia, kushoto, katikati, ngoja, twende. Hayo tu, mwanangu! Mtoto wa chekechea angeyashika kabla uji wake haujapoa. Nami nilimwangalia mtu mzima yule, nikamjibu, "Si rahisi kama unavyofikiri. Hii ni lugha yetu."

Lugha yetu. Tafakari nilichosema. Mhindi wa Mombasa, niliyefundishwa Kiswahili na yaya aliyenilea na majirani tuliocheza nao uani, nilikuwa nakifanya Kiswahili ukuta wa kumzuia mtu mweusi asiingie. Siku ile sikuliona hilo. Nilijiona nalinda kitu chetu. Ukweli ni kwamba sikutaka jina langu limtegemee Desmond. Kumtegemea Balbir niliweza, kwa sababu Balbir alikuwa wa kwetu. Nimekaa miaka mingi nikitafuta sababu nyingine iliyo safi zaidi, sijaipata.

Mwalimu alimtaka Desmond. Nikamwambia bila Kiswahili safu nzima itavurugika. Kwa kuwa hakujua tunasemezana nini, akaniamini.

Nikamtafuta Karim, ambaye Kiswahili alikuwa nacho. Karim alikuwa mtoto wa mama mdogo, dada ya mama yangu, ambaye sisi tunamwita Masi. Ndio kwanza walikuwa wamefika kutoka Kampala, mwaka ule Waasia wa Uganda walipofukuzwa. Walikaa kwetu, wote katika chumba cha mbele, masanduku yamepangwa mpaka dirishani. Mume wa Masi alikuwa mgonjwa wa kifua. Karim peke yake alikuwa amepata kazi, kupakia mizigo uwanja wa ndege, aanze Jumatatu. Nyumba nzima ilikuwa inaingoja Jumatatu hiyo. Masi alikuwa ameshamfulia suruali na kuipiga pasi, ameitundika nyuma ya mlango.

"Kaka, mimi nimecheza kriketi tu," Karim akaniambia.

"Wewe mnene, utafaa."

"Huu ni unene wa chapati za mama yako, si wa mazoezi!"

"Ni mechi moja. Jumamosi. Mpaka nipate mtu."

"Na Jumatatu nina kazi."

"Kwani utacheza Jumatatu?"

Akacheka. Karim hakujua kunikatalia, tulikuwa tunamlaza na kumlisha, na mimi nililijua hilo nilipomwomba.

Jumamosi ikafika. Wapinzani walikuwa timu ya chuo kingine, wamechanganyika na watoto wa wanajeshi wa kambini. Aliyesimama mbele ya Karim alikuwa kijana mwenye nywele za rangi ya karoti. Mwenzetu mmoja akamwambia Karim kwa sauti, "Huyo msukume tu, miguu yake kama ya korongo!" Yule kijana akatabasamu. Niliona tabasamu lile. Nikadhani ni la ujinga.

Mara ya kwanza Karim aliita, "Kushoto!" Nikaenda kushoto, nikawakuta watu watatu wananingoja kama walioalikwa. Nikaanguka kabla sijafika popote. Mara ya pili, "Katikati!" Vilevile. Nilianza kumfokea Karim, "Simama vizuri! Balbir hakuwa akirudi nyuma!" Alikuwa anahema, midomo imeingia matope, na hata hivyo aliniitikia kwa kichwa. Pale ukingoni Desmond alikuwa amesimama na koti lake, ameloa.

Mara ya tatu Karim akaita, "Kulia kwangu! Twende!"

Kabla hata mpira haujanifikia, yule mwenye nywele za karoti akawapigia wenzake kelele kwa Kiingereza waende upande huohuo. Wote wakaja pale. Watatu walimwangukia Karim, na mimi, niliyekuwa nakimbia kwa nguvu zangu zote nikijificha nyuma yake, nikawa wa nne. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Ni sauti ndogo, mwanangu, kama kijiti. Baadaye ndipo akapiga kelele.

Watu wakaondoka juu yake. Yule kijana akavua helmeti, akapiga magoti, akamshika Karim bega, akamwambia, "Pole, ndugu yangu. Usisogeze mguu. Tulia hivyohivyo. Pole sana."

Kwa Kiswahili kilichonyooka, mwanangu! Nilitazama nyuma yangu kuona nani kasema. Karim mwenyewe alinyamaza kulia, akamkodolea macho kama aliyeona maiti ikikaa kitako.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza, nasikia sauti yangu imekuwa ya mtoto.

"Nimezaliwa Eldoret. Baba alikuwa na shamba," akasema. "Mmekuwa mkisema kwa sauti tangu mwanzo. Nilidhani mnajua nasikia." Akautazama mguu wa Karim. "Sikutaka avunjike mtu."

Alicheza mchezo wake tu. Sikuwa na la kumlaumu.

Machela haikuwapo. Desmond akavuka kiwanja, akatupa koti lake chini, akamnyanyua Karim mzimamzima mikononi, mguu ule ameukinga usining'inie, akatembea naye kwenye matope mpaka barabarani. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba helmeti mbili.

Masi alikuja hospitali na viatu vya nyumbani. Alimkuta Karim ameshafungwa plasta mpaka juu ya goti, amelala kwa dawa. Daktari alimwambia huyu hatanyanyua mzigo kwa muda mrefu, na huenda asinyanyue tena. Masi aliketi. Desmond, ambaye alikuwa bado yupo, alisimama kwa heshima, akamwamkia, kisha akatuaga akaenda. Masi alimtazama mpaka mlango ukafungwa.

"Huyo ndiye aliyembeba?"

"Ndiye, Masi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na yumo katika timu yenu?"

"Yumo."

"Sasa kwa nini alikuwa amekaa yeye, akasimama huyu wangu?"

Nikasema lile nililowaambia wengine. Nilisema hajui Kiswahili, si mwenzetu, tusingeelewana. Kila neno lilipotoka nililisikia lilivyo bovu.

Nilitegemea anipige. Alizungumza polepole, anatazama plasta.

"Mimi nimezaliwa Kampala, Sadru. Mama yangu amezikwa kule. Siku ile askari kaniambia, wewe si mtu wa hapa. Nikamjibu kwa Kiganda, kwa Kiswahili, nikamtajia mpaka mtaa niliozaliwa. Akasema, si mtu wa hapa. Nilipopanda ndege nikajiambia, basi, maneno hayo nimeyaacha huko." Akaniangalia. "Kumbe nimekuja kuyakuta nyumbani kwa dada yangu. Unayasema wewe."

Alitoa leso, akaanza kumfuta mwanawe matope ya masikioni.

Jumatatu kazi ile alipewa mtu mwingine. Familia ya Masi ilikaa katika chumba cha mbele mpaka majira yakazunguka, mume wake akafia mlemle. Karim alikuja kupata kazi ya kukaa, ya kukata tiketi, akaoa, akapata watoto, lakini alichechemea maisha yake yote. Hakunilaumu hata siku moja. Nilitamani anilaumu.

Wiki iliyofuata nilimwendea Desmond, nikamwomba radhi, nikamwambia nafasi ni yake.

"Nilikuwa naitaka nilipoiomba," akajibu. "Sasa unanipa kwa sababu ya mguu wa ndugu yako. Siwezi kusimama hapo." Tukapeana mikono. Hakuja tena mazoezini, nami sikumlaumu. Wakajaribu wengine mbele yangu, wa kwetu na wasio wa kwetu, na hakuna aliyefungua njia. Nikagundua kwamba mkimbiaji mwenyewe sikuwahi kuwa. Nilikuwa mtu ninayepita anapofunguliwa na Balbir.

Haya, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukaniambia hukuelewa. Utakuwa kiongozi wa watu siku moja, dukani, ofisini, wodini, hata katika kamati ya msikiti au ya harusi. Atakuja kuondoka mtu aliyekuwa akibeba uzito kimyakimya. Ukimtafuta wa kushika nafasi yake, tazama nani anaweza kuubeba uzito ule. Usitazame nani anafanana nawe. Kama lazima ubadilishe namna yenu ya kufanya kazi ili huyo aweze, badilisha. Na mtu akikwambia, "Nifundishe," mfundishe palepale, kwa moyo, wala usiufanye ulimi wako kuwa kizuizi. Tena asiyeweza kukukatalia, usimwombe jambo litakalomwumiza. Huko si kuomba, ni kulazimisha. Na ukiwa wewe ndiye unayeshangiliwa, jua ni nani aliyesimama mbele yako, umtaje kwa jina angali anasikia.

Nenda sasa, usije ukachelewa treni. Mungu akupe macho ya kumwona aliyekaa benchi, akupe mdomo wa kumwita mapema. Akulinde viungo vyako na vya wale wanaokuamini, na popote utakapohamia, asikosekane mtu wa kukwambia: ingia, hapa ni kwenu.