Mwenye Nyumba ya Wageni Anakufaje

Ghislaine Fauchereau alikuwa na riwaya kumi na moja na vitabu viwili vya insha, na hakuna hata kimoja alichokiandika akiwa ametulia mahali. Aliandika kwenye treni, kwenye maktaba za miji midogo, jikoni kwa watu. Wafu wa miaka mia tatu iliyopita, aliowaandika vitabuni, aliwafuata hadi makaburini. Mama yake, Bi Armande, aliyekuwa hai huko Thouars, mji mdogo wa Ufaransa, alimtembelea mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Safari hii macho ya mama yalikuwa yamefifia. "Nisomee hicho kipya," akasema. "Nimechoka kuhadithiwa vitabu vyako na majirani."

Ghislaine akautoa mswada, ambao ulikuwa bado haujachapishwa. Kitabu kilihusu wauza chumvi ya magendo enzi za wafalme, chumvi ilipotozwa kodi kubwa, na ndani yake mlikuwa na mwenye nyumba ya wageni, mkali kama pilipili, anayewachapa wanawe vidole kwa mwiko kila wanapoacha mkate umepinduka mezani, kwa kuwa ni nuksi. Mwanamke huyo hakumtoa kwenye nyaraka. Mama akijitambua, mlango huu ungefungwa moja kwa moja. Hata dada yake wa kuzaliwa, mama alimnunia mpaka siku ya kumzika.

Akasoma huku akitembea, dirishani hadi jikoni, akiruka kurasa.

"Hebu kaa, unanitia kizunguzungu. Na huyo mwenye mwiko kaenda wapi? Mwanzoni alikuwepo."

"Atarudi, Mama."

"Atarudi lini? Usinifanye mtoto. Soma."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Ghislaine akaketi, akasoma yote: vidole, matusi, sahani iliyonyang'anywa. Alisoma kwa hofu na, tuseme kweli, kwa hasira ya zamani.

Mama akacheka kidogo. "Mkono wangu ulikuwa mzito, eh? Sawa. Uliyaona, umeyaandika." Akapapasa mezani akitafuta jibini ya mbuzi. "Na mwishowe anakufaje?"

Ghislaine alitamani kudanganya; ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. "Peke yake," akasema. "Watoto wako njiani. Hawafiki."

Mama akaacha kupapasa. "Hapo ndipo pa kubadilisha," akasema. "Mengine yaache."

Treni yake ya kwenda Tours ilikuwa ya saa kumi. Ghislaine alilitazama koti lake mlangoni, miguu ikimwasha kama kawaida. Kisha akasogeza kiti, akatoa kalamu.

"Kitanda chake kiwe wapi, Mama?"

"Upande wa jua," mama akasema. "Na usiandike haraka."