Siku Nilipoacha Kuwazuia Watu Kulia

Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa kufariji. Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Bukombe, mkulima wa mahindi na tumbaku, na kwa kuwa padre wetu ana vigango vingi vya kuzungukia, msiba ukitokea mimi ndiye ninayeitwa kwanza. Maneno yangu yalikuwa tayari siku zote. Mungu ana makusudi yake. Toa maumivu yako yawe sadaka. Mkristo halii kama mtu asiye na matumaini. Niliyasema kwa sauti nzuri, watu wakaitikia amina, nami nikarudi nyumbani nikijua kazi imefanyika.

Hayo ndiyo niliyomwambia jirani yangu siku mwili wa mumewe ulipoletwa. Mumewe alikuwa amekwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likamfukia. Wenzake walifukua kutwa nzima mpaka wakampata. Gari lilipoingia uani, mama yule alijitupa chini akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Nilimshika mkono nikamwinua.

"Mayu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "jikaze. Yesu aliteseka bila kulalamika. Ukilia namna hii watoto watajifunza nini?"

Alinyamaza papo hapo. "Sawa, Mwalimu," akasema. Hakutoa tena sauti mpaka tukamaliza kuzika. Wazee walinisifu kwamba nimemtuliza, nami nikazipokea sifa hizo.

Msimu uliofuata, siku ya kupakia tumbaku, nilipanda ndani ya bani, ile nyumba ya udongo tunamokaushia majani. Ndani yake kuna miti iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, safu juu ya safu mpaka darini, na mpangaji husimama juu ya miti hiyo akipokea majani kutoka kwa wenzake walio chini. Mti mmoja ulikuwa umeoza. Niliujua. Nilikuwa nimejiambia nitaubadilisha tukishamaliza mzigo ule. Ulikatika nikiwa karibu na paa, nikaangukia bomba la kupitishia moto. Moto haukuwa umewashwa, namshukuru Mungu, lakini paja lilivunjika na mfupa ukatokeza nje.

Hospitalini mguu ulining'inizwa na kuvutwa kwa uzito, na kila asubuhi muuguzi alikuja kuosha kidonda. Nilikuwa nimehudhuria misiba mingi na kukaa na wagonjwa wengi, nikadhani najua maumivu ni nini. Sikujua. Bandeji ilipofunguliwa, sala zote nilizowafundisha wenzangu zilinitoka kichwani. Nilijaribu kutoa maumivu yale yawe sadaka. Nilianza sentensi, sikuimaliza. Nilipiga kelele, kisha nikaona aibu, kwa sababu kwenye kitanda cha pili alikuwepo mtu wa kigango chetu aliyezoea kunisikia nikihubiri.

Wageni walikuja. Mmoja wa wazee wa kanisa alisimama miguuni pangu akasema, "Mwalimu, Mungu ana makusudi yake." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na kwa sauti yangu kabisa. Nilitamani kumtupia kikombe cha chai. Mhubiri mmoja aliyekuwa akipita wodini akaniambia nitubu, pengine kuna dhambi niliyoificha. Nikapekua maisha yangu. Dhambi nilizipata, tena si chache, nikazitubu kwa moyo, na kesho yake kidonda kiliuma vilevile.

Wiki ya tatu akaja yule mjane. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, amebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoipika kwa karanga. Alinisalimia, akavuta kigoda, akakaa. Hakuomba wala hakushauri. Muuguzi alipoingia na sinia lake, nilimwambia, "Mayu, toka nje kidogo. Sipendi unione."

"Nitakaa," akasema. "Inauma sana?"

"Inauma."

"Basi lia."

Akanishika mkono. Nikalia kama mtoto, mbele ya wodi nzima, naye hakunitazama wala hakuniambia nijikaze. Muuguzi alipomaliza, nilikuwa nimechoka, lakini kwa mara ya kwanza tangu nianguke sikuwa na hofu. Hapo ndipo nilipoikumbuka siku ya msiba wake.

"Nilikukataza kulia," nikasema.

"Ulinikataza." Hakulainisha neno. "Nililia shambani, Mwalimu. Nilikuwa naingia katikati ya mahindi, nakaa chini, nalia, nanawa uso, halafu narudi nyumbani. Msimu mzima. Nilikuwa namwambia Yesu, wewe ulilia kwenye kaburi la rafiki yako, na watu wote wakakuona. Mimi kwa nini nijifiche?"

Niliomba msamaha. Alisema alikuwa amenisamehe zamani, kwa sababu aliona sijui nilichokuwa nakisema. Kisha akanisukumia bakuli. "Kula, inapoa."

Nililala kitandani pale wiki nyingi zaidi, na nilikuwa na muda wa kuzisoma Injili upya, si kwa ajili ya kuandaa fundisho. Nilichokiona ni hiki, na sitarudi nyuma juu yake. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemwendea Yesu akaambiwa abaki na ugonjwa wake kwa kuwa ni zawadi. Wote waliomwomba aliwaponya. Yeye mwenyewe bustanini aliomba kikombe kimwepuke, na msalabani alipaza sauti. Nilikuwa nimemwambia mama yule kwamba Bwana hakulalamika, nami nilikuwa nimekosea. Maumivu si rafiki wa Mungu. Mungu aliingia ndani yake kwa sababu sisi tumo humo, na akatoka upande wa pili akiwa na makovu mikononi. Hakuyaficha, aliyemwonea shaka aliruhusiwa kuyagusa. Huo ndio msingi wangu, na unanibeba kuliko maneno yote niliyokuwa nayo nikiwa mzima.

Nilirudi nyumbani na gongo la kutembelea, na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Msibani siku hizi nafika mapema, nawasalimia wafiwa, nakaa nao chini. Wakilia nalia nao, wakinyamaza nanyamaza. Kuhusu ufufuko nazungumza makaburini, kwa sauti kubwa, maana nauamini zaidi kuliko zamani. Mzee mmoja aliuliza kama kuanguka kulinipunguzia akili. Mjane yule, ambaye sasa ni kiongozi wa jumuiya yetu, alimjibu kwamba kuliniongezea, na watu wakacheka mpaka na mimi nikacheka.

Miezi ya baridi mguu huuma nikiamka. Naomba uache. Haujaacha, na naendelea kuomba.

Mwaka huu, katika mafundisho ya kipaimara, binti mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, ni Mungu aliyekuangusha kwenye bani?"

"Hapana," nikamwambia. "Mti ulioza, na mimi nilijua umeoza."

"Kwa nini sasa hakukudaka?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia pia ninachokijua: kwamba kitandani pale sikuwa peke yangu, na kwamba aliyekaa nami alitumwa, hata kama mwenyewe alidhani amekuja kunitazama tu. Binti akatikisa kichwa; jibu halikumtosha. Nikamwambia alishike swali lake, asiliache, na amuulize Mungu mwenyewe bila kuogopa. Kisha nikawaomba wafungue vitabu, tukaendelea na somo.