Amplifaya Mbili na Ndoo Moja

Mpiga gitaa mmoja wa bendi ya harusi hakuwa akienda kununua chombo cha muziki bila shemeji yake aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi, na ndoo ya plastiki. Siku hiyo alikuwa dukani akilinganisha amplifaya mbili za taa, vile vikuza sauti vya gitaa vyenye vioo vinavyowaka ndani, zilizoundwa kwa mkono. Ya kwanza ilimlainisha. Sauti ilitoka nene, yenye joto. Akapiga wimbo, akaurudia, akafumba macho, muuzaji akaanza kutabasamu.

"Dada, hapo umefika."

"Bado. Shemeji, piga."

Shemeji akaifudikiza ndoo, akaitwanga kama ana ugomvi nayo. Utamu wote wa gitaa ukazama katika kelele hiyo. Ndivyo alivyokuwa akizama yeye ukumbini ngoma zikianza, hadi wenzake wakamtania kwamba gitaa lake ni la kupigia picha tu. Akachomeka ya pili, yenye sauti kavu ya kukwaruza. Ndoo ikatwangwa tena, na kila uzi ukasikika juu yake.

"Lakini ile ya kwanza ni nzuri zaidi," muuzaji akalalamika.

"Nzuri sana. Muuzie anayepiga peke yake chumbani. Mimi nifungie hii, na bei ishuke, maana umekiri mwenyewe kwamba siyo nzuri."