Mayai ya Kakao Niliyoshuka Nayo Makanya

Mwaka ule Pasaka iliangukia katikati ya masika, na mimi nilikuwa na juma moja la kutafuta kitu cha kumfanya mtoto niliyemzaa mwenyewe anifuate.

Niseme mapema ilivyokuwa, maana watu hupenda kunihurumia kabla hawajasikia. Mume wangu alikuwa mkata mkonge kule Makanya, chini kwenye joto. Homa ilimuua wakati binti yetu ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Msiba ulipokwisha wakaniambia nirithiwe na shemeji yangu. Shemeji yule alikuwa na wake wawili na meno manne. Nikasema sitaki, na nilisema mbele ya watu, si kwa kunong'ona. Basi wakasema, sawa, nenda kwenu, ila mtoto ni wa ukoo, anabaki kwa bibi yake. Nikapanda mlima kurudi kwa mama yangu, upande wa Chome, mgongo mtupu na maziwa yanachuruzika kifuani. Ilikuwa miaka ya Mwingereza. Mimi shule niliishia darasa la pili, na barazani walikaa wazee walewale walioniambia nirithiwe. Ningemshtaki nani kwa nani?

Nilikuwa nikishuka kumwona kila nilipoweza. Kila nikifika anajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, ananichungulia kwa jicho moja. Alikulia kwenye kambi ya mkonge, kati ya watu wa kila kabila, akawa anaongea Kiswahili tu. Mimi nikimsemesha kwa lugha yetu anamwuliza bibi yake, "Anasemaje huyu?" Aliniita mama wa mlimani, kama mtu anavyosema muuza ndizi.

Juma moja kabla ya Pasaka ile, wanawake waliokuwa wamekwenda gulioni wakarudi na ujumbe wa mama mkwe. Alikuwa ameanza kuzeeka, magoti yanamsumbua. Alisema hivi: njoo Pasaka. Mtoto akikufuata kwa miguu yake mwenyewe, mchukue. Akilia, usinisumbue tena mpaka aolewe.

Tangu nisikie maneno hayo sikukaa. Nikienda shambani nasahau jembe, nikirudi kulichukua nasahau nilichorudia. Mama yangu akaniambia, "Hebu kaa chini, unanipa kizunguzungu."

Wakati huo nilikuwa nafua nguo za muuguzi wa misheni, mzungu mmoja mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Jumatano ya juma kuu nikamkuta jikoni kwake anatengeneza kitu, na jiko limezimwa. Nikasimama mlangoni na beseni langu nikitazama. Aliponda biskuti kwa chupa. Akachanganya na unga mweusi wa kwenye kopo, sukari na siagi, akavuruga mpaka ikawa kama udongo wa mfinyanzi. Halafu akafinyanga vidonge, akavipanga dirishani penye ukungu. Nikamwuliza, hupiki? Akasema hivi havipikwi, baridi ndiyo inayoviivisha. Akasema ni mayai ya Pasaka. Kwa nini Bwana afufuke, watu wale mayai, sikuelewa siku ile na leo bado sielewi. Lakini alinipa kimoja nikakiweka ulimini, nikajua nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Nilimwomba mabaki ya ule unga. Kakao, aliiita. Akanipa na kopo lake lenye kifuniko.

Biskuti sikuwa nazo, siagi sikuwa nayo. Nikakaanga mahindi makavu, nikayatwanga, nikayachekecha mpaka yakawa laini. Sukari guru nikaiponda. Badala ya siagi nikaweka samli, kibuyu cha mama alichokuwa anakificha kwa ajili ya wageni.

"Samli yangu!" akasema.

"Mjukuu wako si mgeni?"

"Mjukuu wangu ni mtu. Unataka kumnunua kwa peremende kama kuku anayetupiwa mtama?"

"Ndiyo," nikasema. "Hata kwa mtama ningemnunua."

Akacheka akanisogezea kibuyu. Nilifinyanga mayai ishirini na kitu, yamepinda pinda, mengine kama mayai, mengine kama viazi. Nikayatandaza juu ya jani la mgomba nyuma ya nyumba, yakapigwa na ule ubaridi wetu wa masika unaokata vidole. Asubuhi yalikuwa mawe. Nililigonga moja ukutani, udongo wa ukuta ukatoka, yai likabaki. Nikajisifu. Nilijua nimewashinda wote, mkwe na shemeji na meno yake.

Ijumaa Kuu sikusafiri, mama alikataa. Jumamosi alfajiri nikajitwika kopo. Mayai yalikuwa yanagongana ndani kila nikikanyaga, ko, ko, ko, na mimi natembea kwa mlio ule kama mtu anayepigiwa ngoma. Njia ilikuwa tope, nikateleza mara mbili, kopo halikuanguka. Nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia hivi, atasema vile. Nitamwonyesha moja kwanza, nikifunua polepole.

Sikumbuki ni wapi hasa lilinyamaza. Nilikuwa nimeshapita migomba, miti imeanza kuwa ya miiba, jasho linanitiririka mgongoni. Nikasikia kimya. Nikatikisa kichwa. Kimya. Nikatembea kidogo tena, na sasa nikasikia mlio mwingine, mzito, kama uji unaotikisika kwenye kibuyu.

Nilishusha kopo nikafungua, na palepale nikakaa kwenye jiwe la moto.

Mtu wa bondeni asingefanya kosa lile. Mtu wa bondeni anajua samli ni mafuta, ndivyo anavyoiona siku zote. Mimi nimezaliwa juu. Kwangu samli ni kitu cha kukata kwa kisu. Mayai yote yalikuwa yamekuwa tope moja jeusi, linang'aa, harufu yake tamu inaita nzi.

Nilitaka kurudi. Kweli nawaambia, niligeuka na nikapiga hatua kama kumi kuelekea juu. Halafu nikajiuliza nitarudi kumwambia mama nini, kwamba nimemwacha mwanangu kwa sababu ya samli? Nikageuka tena.

Mama mkwe alikuwa ukumbini anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika. Na kopo hilo?"

"Zawadi ya mtoto."

Akafungua, akanusa, akanitazama.

"Huko kwenu mmekosa ndizi mpaka mnaleta tope?"

Mtoto akatoka nyuma ya kanga. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena, akalamba. Kisha akajifuta kwenye kanga ya bibi yake na kurudi palepale alipotoka. Basi. Mayai ishirini na kitu yale, na samli ya wageni, na juma zima la kutokulala, vikaishia kwenye kanga.

Jumapili tulikwenda kanisani, akakaa upande wa pili wa bibi yake. Watu waliimba kwa furaha, mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari. Nyumbani nikafua, nikachota maji, nikafagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiwa. Mama mkwe akasema, "Utachimba shimo hapo."

Jumatatu asubuhi akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Haya. Mwite tuone."

Nikamwita. Hakusogea. Nikamwita tena kwa jina la utoto nililompa mimi, akatazama pembeni. Yale maneno niliyoyapanga njiani yalikuwa yameyeyuka pamoja na mayai. Nikainama nikachukua kopo langu niondoke, maana sikutaka kulia mbele ya mama mkwe. Na kwa hasira tu, si kwa ujanja, nikasema:

"Nyie mnacheka tope. Kwetu hili ni jiwe."

"Uongo," akasema mtoto.

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mwenyewe bila kuambiwa.

"Mimi sisemi uongo."

"Uji hauwi jiwe."

"Huu unakuwa. Tukifika juu unakuwa jiwe, unagonga ukuta na ukuta unabomoka."

"Nani anaupika?"

"Hakuna. Baridi."

Akalitazama kopo. Akamtazama bibi yake. "Bibi, nikaone halafu nirudi?"

Yule mama aliondoa mkono kiunoni. Angeweza kusema hapana, na mtoto angetii. Akasema, "Kaone."

Tuliondoka kabla sijapumua. Hakunishika mkono, alishika kopo. Kila baada ya mti mmoja anataka tusimame. Anafungua, anachovya kidole.

"Bado."

"Bado kidogo."

"Bado. Wewe ni mwongo."

"Tembea."

Alipochoka nikambeba mgongoni na kopo mikononi mwake mbele ya shingo yangu, na mara ya kwanza baada ya miaka minne mgongo wangu ukawa na uzito wake stahiki. Niliogopa nikisema neno atashuka. Nilikuwa naomba baridi kama wengine wanavyoomba mvua, na jua lile la mchana likakaa tu pale juu, halina haraka.

Tulipoingia kwenye migomba, mawingu yakashuka. Nikasikia anatetemeka. Nikamfunika na kanga, tukaendelea. Karibu na nyumbani, saa ya watu kurudisha mbuzi, akafungua kopo tena, na sikusikia "bado." Nikasikia kidole kinagonga. To, to.

"Limeganda," akasema. Kisha akacheka. Akanigonga kisogoni kwa kile kidole kana kwamba mimi pia nimekuwa jiwe.

Hayakuwa mayai tena. Lilikuwa bonge moja lenye umbo la kopo. Mama yangu alilipasua kwa nyundo. Mtoto alikula, akajipaka mpaka masikioni. Alipomaliza akasimama, akafunga kitenge chake vizuri.

"Haya. Nirudishe kwa bibi."

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia miguu yangu imekufa, tutakwenda kesho. Kesho ikanyesha, njia ikawa maporomoko matupu. Keshokutwa ikanyesha. Kila asubuhi aliuliza, kila asubuhi nilimwonyesha mvua, na moyoni nikawa naishukuru na kuona aibu kwa kuishukuru. Katikati ya kuuliza alikuwa amekwisha kujifunza kumwita mbuzi wetu kwa lugha yetu.

Mvua ilipokatika nikavaa nimrudishe. Niliahidi. Tulikuwa tumefika uwanjani nikamwona mama mkwe anapanda, na fimbo, kajifunga kanga tatu, kichwani ana furushi. Mtoto aliniachia mkono akakimbia kwake kama risasi. Nikasimama pale. Nikasema, basi, imekwisha.

Lakini mtoto alikuwa anamvuta bibi yake kuja ndani. "Bibi, njoo ugonge! Nilikuwekea!" Alikuwa amebakiza kipande, nyuma ya mtungi, kimefungwa kwenye jani.

Mama mkwe akakigonga ukutani. Akakiuma kwa jino la pembeni.

"Ni jiwe kweli," akasema. Halafu kwangu: "Kwenu kuna baridi ya kukomoa watu. Mvalishe mtoto."

Akafungua furushi. Nguo za mtoto zote, zimefuliwa, zimekunjwa, na kikombe chake cha bati.

Alilala kwetu siku mbili kwa ajili ya magoti. Alipoondoka nilimfungia kipande kingine ampelekee mwanawe, yule shemeji yangu. Alijua vizuri kitafika Makanya kikiwa tope. Alikiweka kichwani hivyo hivyo, na mtoto akanishika mkono kumtazama akishuka.