Kapteni Aliyeelekea Mlangoni

Miezi minne baada ya kumzika kaka yangu, mashine yake ya gemu ilijiwasha yenyewe.

Narudia, ilijiwasha. Chumba kilikuwa kimefungwa, ufunguo umetundikwa kando ya friji, na mimi niko jikoni naosha vikombe. Nikasikia kile kifeni chake kinaanza kunguruma kama zamani.

Kikombe kikaniponyoka.

Wanaonijua wanajua mimi si mwoga. Napiga pasi kwa dobi, kutwa nzima nafokewa na mashine za mvuke. Lakini siku hiyo niliogopa.

Ngoja kwanza niwaeleze nyumba yetu. Mama alitutoka zamani, kwa hiyo baada ya msiba tulikuwa tumebaki wawili, mimi na baba. Baba ni fundi saa mstaafu, mtu wa maneno machache na macho makali. Kaka alikuwa mrefu, mwembamba, kichwa kikubwa. Baba mwenyewe ndiye aliyempachika jina la Msumari, na likamganda mpaka kwenye magemu yake.

Msumari aliumwa kichwa wiki mbili. Tulipomfikisha hospitali alikaa siku tatu tu.

Tulipotoka makaburini baba alifunga chumba chake, akasema neno moja: "Kisiguswe."

Sasa siku hiyo baba alikuwa katoka. Nikajikaza kisabuni, nikafungua.

Kwenye skrini paliandikwa kwamba mchezo wako uko tayari.

Ndipo nikaelewa, nikakaa kitandani kwake nikalia sana.

Msumari alikuwa na ugonjwa wa gemu moja ya Kijapani, zile za kupigana kwa zamu. Unapiga, unasubiri, unapigwa. Humo ndani anatajwa kapteni aliyekufa kabla hadithi haijaanza. Alibaki peke yake akilinda daraja ili watu wake wavuke. Kaka alikuwa anamsikitikia yule kapteni kama ndugu yake wa damu.

Halafu watengenezaji wakatangaza kwamba wanatoa hadithi ya huko nyuma. Inajitegemea, hata kama hukucheza ile ya kwanza utaielewa, na safari hii kapteni ndiye wewe. Msumari akaiagiza siku hiyohiyo.

"Mdogo wangu, hii nitaicheza hata nikiwa naumwa," aliniambia huku anacheka.

Gemu ikatoka, yeye hayupo. Mashine ilikuwa imelazwa tu, haikuzimwa. Siku ilipofika ikaamka, ikaipakua.

Nikaanza kuicheza kwa siri. Kila saa kumi na mbili jioni baba hutoka kutembea, daktari kamwamuru kwa ajili ya presha. Akishapiga kona tu, mimi huyo chumbani.

Kapteni alikuwa anaitwa MSUMARI. Mashine ilichukua jina la mwenyewe. Mara ya kwanza kuliona nilikaa nalitazama tu, sikucheza chochote.

Wiki ya tatu nikafika sura ya mwisho, ya daraja. Nikagoma. Kila aliyecheza ile ya kwanza anajua kinachomngoja pale, na mimi nilishamzika Msumari mara moja. Nikasema huyu hatoki hapa kambini, sura inapoanzia. Atakaa hapa na askari wake, mimi nitakuwa nakuja kumsalimia, basi.

Jioni iliyofuata nikamkuta hayupo kambini.

Alikuwa katikati ya msitu, kwenye kibanda cha kupumzikia. Amesimama, uso ameuelekeza mlangoni.

Safari yenyewe ilinitisha, lakini ule mlango ndio ulionimaliza. Kaka alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kuzima lazima amgeuze mtu wake aelekee mlango. "Asije akavamiwa kwa nyuma," alikuwa anasema. Mimi nilimcheka miaka na miaka kwa hilo.

Nikafungua menyu, nikachagua kurudi mwanzo wa sura. Akarudi kambini. Nikazima, nikafunga chumba.

Kesho yake nikamkuta mbali zaidi, kibanda cha mtoni, karibu na daraja. Kaelekea mlango.

Nikamrudisha. Akaenda tena. Nikamrudisha tena.

Wiki nzima tunavutana hivyo, mimi na marehemu.

Mtauliza, baba je? Jamani, baba! Mtu ambaye kupiga simu tu ananiita nimbonyezee. Na yeye ndiye aliyekifunga chumba.

Lakini ili moyo utulie, nikategesha uzi. Uzi mwembamba wa kushonea lebo, nikaupitisha chini kabisa ya mlango, ncha zote mbili nikazibana kwa nta. Yeyote anayeingia lazima aukate.

Nikaenda kazini. Jioni nikaukuta uzi mzima, nta palepale nilipoiacha.

Nikafungua. Kapteni yuko mtoni.

Siku hiyo niliongea naye. Msinicheke. Nilisogeza uso mpaka kwenye kioo, nikamwambia, "Kaka, unakwenda wapi? Kule wanakuua. Kaa na mimi."

Nikamrudisha kambini, nikalala na taa.

Alhamisi yake boila la kazini likapasuka. Msimamizi akatutawanya. Saa nne asubuhi niko nyumbani.

Mlango wa chumba cha Msumari uko nusu wazi.

Ndani mtu anaongea, sauti ya chini, ya kubembeleza:

"Usiogope mwanangu. Leo tunavuka. Baba yupo nyuma yako."

Nikasukuma mlango.

Baba alikuwa kwenye kiti cha Msumari, miwani ya kazini usoni, rimoti ya gemu mkononi. Pajani ana kidaftari amechora kila kitufe, na kando ya kila kimoja kaandika kazi yake, mwandiko mdogo kama wa kwenye kadi za saa za wateja.

Tukatazamana. Sijawahi kumwona baba anaona aibu.

"Umerudi mapema," akasema.

"Baba, ni wewe?"

"Nilikuwa nakuja kukaa tu, asubuhi ukishaondoka. Siku moja nikakuta televisheni inawaka na jina lake limeandikwa." "Nikasema, mwanangu yumo humu. Kuna mtu humo ndani ya gemu anaongea na yule kapteni, anasema inabidi afike darajani kuwavusha watu. Nikajifunza kumwongoza."

"Na uzi?"

"Kumbe ulikuwa wako? Nilidhani unanichunga nisije kulia humu. Nikaufungua kwa kibano, nikaurudisha." Akainua mabega. "Miaka arobaini nafungua saa za watu. Sembuse uzi!"

Nikataka kucheka, ikashindikana. Maana aliendelea.

"Tatizo ni kwamba kila nikimfikisha mtoni, asubuhi namkuta karudi kambini. Kila siku! Nikajua anaogopa. Ndiyo maana namwambia asiogope."

Nikakaa chini pale mlangoni.

Wiki nzima nilikuwa natishwa na baba yangu, na baba yangu anatishwa na mimi. Yeye anampeleka mbele ili amwokoe, mimi namvuta nyuma ili asife. Na kila mmoja alidhani anavutana na Msumari mwenyewe.

"Baba, ni mimi niliyekuwa namrudisha."

"Kwa nini?"

Ilibidi nimwambie. Yeye hakuwahi kucheza ile ya kwanza. "Anakufa darajani, baba. Hadithi ndivyo ilivyo."

Akaiweka rimoti chini polepole.

"Hata ukicheza vizuri?"

"Hata ukicheza vizuri."

"Hata ukiwahi?"

Hapo nikajua hatuongelei gemu tena.

Baba alivua miwani. "Alilalamika kichwa wiki mbili. Nikamwambia ni hayo magemu yako, toa macho kwenye kioo. Nilimfokea, binti yangu. Mtoto ana uvimbe kichwani, mimi namfokea."

"Daktari alituambia, baba. Alisema hata tungewahi asingepona."

"Alisema. Nilidhani ananionea huruma."

Akalia. Mara ya kwanza tangu msiba. Nikamkumbatia pale kwenye kiti, wote wawili tukalia mpaka tukachoka.

Kisha akachukua rimoti. "Twende naye basi. Safari hii asiwe peke yake."

Tulimtoa kambini pamoja. Msituni, mtoni, darajani. Baba alicheza kwa utulivu wa fundi, hakukosea zamu hata moja. Adui wanakuja, anawapiga, wanaongezeka. Watu wa kapteni wanavuka nyuma yake mmojammoja.

Wa mwisho alipovuka, Msumari akaanguka.

Baba akagusa kioo kwa vidole viwili. "Umefanya vizuri," akamwambia. "Pumzika."

Skrini ikatulia kwenye hema tupu la kapteni. Nikajifuta machozi, nikamtania baba ili tupumue:

"Ila umenitisha na ule mlango. Kumbe ulikuwa unaona alivyokuwa anamgeuza."

"Kumgeuza nani?"

"Kapteni. Kabla ya kuzima. Aelekee mlangoni."

Baba akanitazama. "Mimi nilikuwa nahifadhi na kuzima. Kila asubuhi namkuta pale kambini kaelekea mlango wa kambi. Nilidhani ni gemu ndiyo inamweka hivyo."

Mimi sikumgeuza hata siku moja. Mara zote ninapomrudisha, hutokea kaelekea moto wa kambi, na hivyo ndivyo nilivyomwacha.

Wote wawili tukageuka kuutazama mlango.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenye msiba ndani ya nyumba. Ongeeni. Mimi na baba tulikula meza moja miezi minne, kila mtu na donda lake kalifunika, na kidogo tufanyane mashetani. Mkiwa na mtu anayejilaumu kimyakimya, mwambieni ukweli hata kama alishaambiwa na daktari.

Chumba siku hizi hatukifungi. Baba anakaa humo asubuhi na gazeti lake. Kile kiti tumekigeuza, kinaelekea mlangoni.